Mama Atasomewa Jumamosi

Mwezi uliopita tulimzika Nafula huko kwao Sirisia. Siku tatu kabla ya mazishi binti yake alinipigia simu, akaniomba nimwandikie kitu kidogo kuhusu ule mwaka ambao mimi na mama yake tuliishi Kitale, maana kati ya watu waliobaki hakuna mwingine anayeujua. "Mistari miwili tu, mama, nitaisoma pamoja na historia ya marehemu." Nikaketi nikaandika, na kwangu mimi kuandika si mchezo hata leo, mkono unachoka kama nimetoka kulima. Niliandika: Marehemu alifanya kazi Kitale ya kuchambua maharagwe. Alikaa na watu vizuri na huko ndiko alijifunza kusoma. Siku yenyewe binti akasimama chini ya hema akayasoma hayo kwa kipaza sauti, watu wakaitikia kwa vichwa, ikapita. Kwenye viti vya mbele alikuwa amekaa Rosa, bibi ya kaka yake Nafula, mzee sasa kama mimi, ameshika leso. Nilipita karibu naye nikienda kutazama jeneza na sikumsalimia. Sijui kama alijua mimi ni nani. Niliporudi Bungoma nikasema nitaiandika ile mistari mingine iliyobaki. Nikizunguka sana mnisamehe, mimi niliachia darasa la tatu, na hilo neno lenyewe, kusoma, ndilo lilinivurugia maisha na mtu niliyempenda.

Ya kwetu na ya wazazi wangu nitayaacha, hayana faida hapa. Naanza na chumba. Kilikuwa Kipsongo, cha mabati juu na udongo pembeni, na tulikipanga wawili, mimi na Nafula, ule mwaka uliofuata njaa ya mahindi ya manjano. Vitanda viwili vya mbao, jiko moja la makaa, sufuria mbili, na kuta zote tulizibandika magazeti kwa uji wa unga ili upepo usipite. Hayo magazeti ndiyo yalinipa jina. Jioni tukingoja ugali uive, mimi nilikuwa natazama ukutani na kusoma vichwa vya habari kwa sauti, vile vilivyoandikwa kwa herufi kubwa za kupigwa chapa: WA-ZI-RI A-FU-NGU-A. Nafula ambaye hakuwahi kuingia darasani hata siku moja alikuwa anaacha mwiko hewani. "Aa, mayi! Kumbe nakaa na msomi!" Karatasi moja tulikuwa tumeibandika kichwa chini juu ya kitanda chake, na akiniuliza hiyo inasema nini nilikuwa namwambia hiyo ni siasa tu, achana nayo. Basi ploti nzima ikaniita Msomi. Mama Pius wa chumba cha tatu, ambaye alikuwa anauza pombe ya busaa, ndiye aliyelieneza hadi barabarani. Watu wakaanza kuniletea barua.

Na sasa niseme ukweli ambao sikuusema wakati ule. Mimi nilijua herufi za kitabu. Mwandiko wa mkono, ule wa kushikana, sikuujua. Darasa la tatu tulikuwa hatujaufikia, na hapo ndipo nilipoachia. Mtu akiniletea barua nilikuwa naona nyuzi tu, hapa na pale nanasa neno: mama, mtoto, Jumapili. Lakini mwanzo wa barua zote nilikuwa naujua kwa kichwa, kwamba sisi hapa ni wazima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nikimaliza hayo namtazama mwenye barua usoni. Uso wa mtu unakwambia anangoja nini. Mwenye mimba nyumbani anangoja mtoto, mwenye mgonjwa unamjua kwa shingo tu, imekaza. Nilikuwa nachukua yale maneno matatu niliyoyanasa, naongeza ule uso, natengeneza barua. Mara nyingi ilikubali, na watu walikuwa wananiletea sukari ya karatasi kwa shukrani. Siku hizi vijana wanasema "nimekusoma" wakimaanisha nimekujua wewe ni mtu wa aina gani. Mimi nilikuwa nafanya hiyo kazi kabla wao hawajazaliwa.

Mchana tulikuwa stoo, karibu na reli. Wanawake tisa tumekaa chini juu ya magunia matupu, mbele ya kila mmoja mlima wa maharagwe, unatoa mawe, unatoa yaliyooza. Stoo ilikuwa ya Kalasinga mmoja, na baba yake mzee, mwenye ndevu nyeupe hadi tumboni, alikuwa anakaa kwenye pembe yenye mwanga na kitabu kikubwa kwenye kitambaa, anasoma tangu asubuhi, midomo inacheza. Nafula ilimshinda kunyamaza. Akamuuliza tajiri: "Bwana, huyu mzee wako amesoma mpaka ndevu zimefika hapa, mtihani atafanya lini?" Tajiri akacheka mpaka akashika mlango. "Hapana ya shule hiyo, mama. Yeye nasoma, nasema na Mungu." Nafula akarudi akakaa chini akasema basi huyo tayari amepita. Siku nyingine akaja bwana wa stima na kofia yake, akapanda kiti, akatazama kile kisanduku cha ukutani, akaandika. "Anafanya nini?" "Anasoma mita." Nafula akaacha maharagwe. "Hata hiyo inasomwa? Khane kila kitu kinasomwa, na mimi jina langu tu sijui linafanana nini." Alisema akicheka, lakini niliona uso.

Kipsongo kwenyewe neno hilo lilikuwa na kazi nyingine tena. Mama Pius akishikwa na pombe yake Ijumaa, Jumatatu alikuwa anapelekwa kotini, na jioni watu wanauliza: amesomewa? Maana yake amesomewa mashtaka. Siku moja alirudi amelipishwa faini akatukuta tunaosha vyombo. "Nimesomewa vizuri sana," akasema, "kizungu na kiswahili, mpaka jina la babu yangu wamelisoma, hata harusini sikuheshimiwa namna hiyo." Kwa hivyo mimi nikisikia mtu atasomewa, nilijua ni pombe na ni askari. Halafu ilikuwepo gumbaru, ile shule ya watu wazima, alasiri mbili kwa wiki kwenye ukumbi wa kanisa. Machifu walikuwa wanasukuma wazee waende, huko vijijini mpaka bibi vizee walikuwa wanabeba madaftari, na watoto wanawafuata nyuma wakiimba gumbaru, gumbaru, kama wanafukuza ndege. Nafula alikataa kabisa. "Niende nichekwe na watoto, mimi? Na nyumbani niko na Msomi wangu wa bure?"

Barua ilikuja siku ya Jumanne, mwezi wa nne, kupitia sanduku la posta la stoo. Tajiri akaileta wakati wa chakula, tulikuwa tunakula ugali na kunde tumezunguka sinia. Nafula akajifuta mikono kwenye leso. "Ni balua ya kwetu! Msomi, soma." Wale wanawake wengine wote wakageuka. Nikaifungua, na mara moja nikajua nimepatikana, kwa sababu ilikuwa mkono wa Rosa. Rosa, yule bibi ya kaka yake, alikuwa amefika kidato cha pili, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, mwembamba, umelala upande mmoja wote pamoja, hakuna herufi iliyosimama peke yake. Nikaanza na yale yangu ya kichwa: "Mpendwa Nafula, sisi hapa ni wazima." Hayo maneno hayakuwemo. Nitarudia, hayakuwemo. Nikatembeza kidole. Nikanasa mama. Nikanasa Jumamosi. Kati yake kulikuwa na neno refu nikalikata vipande kimoyomoyo, a-ta-so-me-wa. Mama atasomewa Jumamosi.

Nilijua mama yake Nafula hupika busaa, hata Nafula mwenyewe alikuwa amenisimulia. Nikasema kichwani, basi wamemshika mama wa watu. Wanawake wanane wananitazama, ugali mdomoni. Nitasema mbele yao kwamba mama yake anapelekwa kotini? Na kama sivyo? Mistari iliyobaki ilikuwa mingi, pengine inaeleza, na sikuweza kuisoma hata mmoja. Ningesema tu, mwandiko huu umenishinda. Maneno matatu. Au ningelitaja lile neno vile lilivyo, atasomewa, nikamwachia mwenyewe. Lakini nikamtazama usoni, nikaona anangoja kitu kizuri, nikampa. "Mama yako ameanza kusoma," nikasema. "Jumamosi anaingia gumbaru."

Hicho kicheko sijakisahau. Nafula alianguka nyuma kwenye magunia. Akainuka akafunga leso kama mama yake, akakunja mgongo, akainua kidole juu: "Mwalimu! Mwalimu! Naomba luhusa niende chooni!" Wanawake wakapiga makofi, mmoja akapaliwa na kunde tukampiga mgongoni. Hata mzee wa Kalasinga aliinua macho kutoka kwa kitabu chake akatabasamu bila kujua ni nini. Wiki yote iliyobaki ilikuwa ni hiyo hadithi. Jumamosi yenyewe tulifua nguo, na kila mara Nafula alikuwa anasimama na povu mikononi, "Sasa hivi yuko kwa a, e, i," anacheka tena. Alisema akienda nyumbani Desemba atampelekea kalamu.

Jumatatu binamu yake akaja stoo, amevaa koti la mvua, hakukaa. Mama alifariki Jumapili alfajiri. Nafula akatoka na nguo alizovaa. Mimi nikabaki na mlima wake wa maharagwe na wangu.

Alirudi baada ya siku kumi, amenyolewa nywele. Nilikuwa nimempikia chai ya maziwa, akakishika tu kikombe. Akasema, "Jumamosi yote aliniita. Kila mlango ukilia, anasema, ni Nafula? Mpaka sauti ikaisha." Halafu akasema, "Rosa anasema aliandika nije upesi. Mbele ya watu wote anasema aliandika. Nikamwambia, balua yako nilipata na ilisema mama anaingia gumbaru. Watu wakanitazama kama nimeshikwa na kichaa. Msomi, hebu niambie. Ile balua ilisema nini?"

Kikombe changu kilikuwa chini, nakumbuka nilikiinua ili nipate mahali pa kuweka macho. "Ilisema vile nilikusomea."

"Uliona na macho yako?"

"Na macho yangu."

"Basi ni Rosa." Alisema pole pole, kama mtu anayejibu hesabu. "Alitaka mama afe bila mimi. Tuligombana Krismasi juu ya shamba la mama, na hakusahau."

Ningeweza hata hapo. Nilikunywa chai. Nafula akatuma neno nyumbani kupitia yule binamu, kwamba kuna msomi Kitale aliyeisoma barua na yuko tayari kuapa, na kaka yake, mwanaume mwenye hasira za karibu, akamrudisha Rosa kwa wazazi wake na mtoto mgongoni. Hayo nililetewa kama habari njema. "Ameenda," Nafula aliniambia, "na kilio kikubwa, ati hajui kosa lake." Nikasema, mm.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yanavyogeuka. Mwezi wa tano Nafula akaenda gumbaru. Hakuwa ananishuku hata kidogo. Alisema tu, "Sitaki tena mtu mwingine anisomee jambo la mama yangu. Si vibaya kwako, Msomi." Mwalimu alikuwa mzee mstaafu, mpole, alikuwa anafundisha kwa fimbo ya kuonyeshea tu. Watoto walimfuata Nafula siku ya kwanza wakiimba, akageuka akaimba nao, wakachoka. Alisoma kama mtu anayechimba. Asubuhi kabla ya kazi anaandika kwa mkaa sakafuni, nikiamka nakanyaga herufi. Mwezi wa saba alikuwa anamaliza kusoma magazeti ya ukuta wa mlango. Mwezi wa nane akapanda kitandani, akageuza shingo mpaka nikaogopa itavunjika, akasoma lile gazeti la kichwa chini. Akashuka akinitazama. "Msomi, hii si siasa. Ni mpila."

"Sikuwa nimeangalia vizuri."

"Miezi yote hii?" Akacheka. Mimi sikucheka.

Barua aliiweka ndani ya kitabu cha sala, chini ya mto. Alasiri moja akiwa gumbaru niliitoa nikakaa nayo karibu na jiko, makaa yamewaka vizuri. Sikuichoma, na msinipe sifa, haikuwa wema. Nilitaka kujua mwenyewe nilikuwa nimefanya nini. Kesho yake nikampelekea mwalimu kwa siri. Akavaa miwani akasoma yote kwa sauti ya chini, kisha akaniuliza, "Na huyu mama alipona?" Nikamuuliza kusomewa hapo maana yake nini. Akashangaa. "Wewe kwenu hamna padre?" Nikasema hatuna, kanisani kwetu tunaomba tu kila mtu na lake. Ndipo akanieleza kwamba upande ule wa Sirisia, mgonjwa akifika mwisho, padre huja na kitabu na mafuta, na watu hawapendi kusema anakufa, husema atasomewa. Kila mtu wa kule anajua. Nafula angejua. Ningelitamka tu lile neno mbele ya ile sinia ya ugali, hata bila kulielewa, angeruka juu akashika njia siku hiyo hiyo, na Kitale kwenda Sirisia si mbali. Niliirudisha karatasi chini ya mto. Tangu mwezi wa nane mpaka Desemba nilijua kila kitu, nililala kitanda cha pili, nilisikia Rosa akitukanwa, na nikanyamaza. Hayo mengine yote nimejaribu kujisamehe. Hiyo miezi minne sijaipatia jina.

Ilikuwa Jumapili mchana, mwezi wa kumi na mbili, jua kali, mlango wazi. Nilikuwa nachambua mboga za saga kwenye ungo. Wiki hiyo mwalimu alikuwa amewafundisha mwandiko wa kushikana. Nafula akatoa barua, akaketi kwenye kitanda chake, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Hakunitazama. Alisoma kwa sauti, neno moja moja, akikwama anarudi nyuma.

"Kwa dada Nafula. Nakuandikia kwa haraka. Mama ni mgonjwa sana tangu wiki jana, hali chakula tena. Padre amekuja kumwona. Mama atasomewa Jumamosi na kupakwa mafuta. Anakuita wewe kila saa. Dada, yale ya Krismasi tuyaache, njoo upesi, njoo hata kama huna nauli tutalipa hapa ukifika. Ni mimi Rosa wenu."

Alipofika mwisho akarudi juu akasoma tena yote, haraka kidogo. Majani ya saga yalikuwa yamejaa mapajani mwangu. Nje Mama Pius alikuwa anagombana na mtu juu ya debe.

"Rosa anaandika vizuri," Nafula akasema.

Nikasema, "Mwandiko ule sikuujua. Sikujua kusoma ule mwandiko wa mkono."

"Hiyo tu?" Alinitazama kwa mara ya kwanza. "Hiyo tu, Nasimiyu? Si ungesema. Tajiri alikuwa hapo mlangoni. Tungempa asome." Hakuwa ameniita jina langu tangu tuhamie kile chumba. "Nilicheka," akasema. "Jumamosi yote mama ananiita, mimi niko hapa na sabuni mikononi nacheka." Akakunja karatasi. "Wewe hukusoma balua. Ulinisoma mimi."

Nilianza kulia na akaningoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipungue ili aondoke. Kisha akasema kesho anaenda nyumbani, na kutoka nyumbani ataenda kwa wazazi wa Rosa kumpigia magoti, na kumleta kaka yake naye apige. Akasema, "Twende wote. Useme mwenyewe mbele yake. Mimi nitakaa kando yako."

Alikuwa ananipa njia. Baada ya yote hayo alikuwa ananipa njia, na akasema atakaa kando yangu. Nami nikasema Jumatatu stoo kuna lori la kupakia, tajiri hatakubali, labda wiki ijayo. Nafula akaitikia kwa kichwa. Akala saga zangu, akaosha sahani zote mbili. Asubuhi kitanda chake kilikuwa kimetandikwa na yeye hayupo, na hakurudi Kitale tena. Miaka ya tisini, mimi nimeshahamia Bungoma, tulikutana mara moja sokoni Misikhu, akiuza vitunguu na binti yake. Aliniuliza habari ya watoto, akaniongezea vitunguu viwili juu. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake, nilitafuta. Rosa nilisikia alirudi kwa bwana yake. Hakuna aliyeniambia alisema nini siku walipompigia magoti, na sikuwa na haki ya kuuliza.

Lakini Jumatatu ile Nafula alipoondoka, jioni nilirudi kutoka stoo nikamkuta Mama Pius amekaa mlangoni kwangu na bahasha. "Msomi, njoo, nisomee hii, imetoka kwa dada yangu."

Nikasimama. Nikamwambia, "Mama Pius, mimi sijui kusoma."

"Wee! Acha mchezo."

"Sijui. Mpelekee mwalimu wa gumbaru, atakusomea vizuri."

Akanitazama juu na chini, kisha akainuka akakung'uta leso yake, na wapangaji wote walimsikia akienda. "Haya. Ameanza kuwa msomi kamili. Si ndivyo walivyo, wakishajua kusoma hawataki tena kusaidia mtu."